Msimwache afisa wa mwaloni peke yake

Kila ikisikika mtumishi kala rushwa, jibu letu ni lilelile: apelekwe TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wenzake waitiwe semina ya maadili. Sipingi. Mla rushwa ashtakiwe, Sheria ya kuzuia rushwa, Na. 11 ya 2007, ipo kwa kazi hiyo. Lakini kwa maoni yangu maadili ya taasisi huanza kuharibika mapema zaidi, siku mkuu wa idara anapompa mtu kazi bila nyenzo, halafu asimuulize ameifanyaje.

Chukulia afisa uvuvi wa huku kwetu Ziwa Victoria. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Asubuhi mitumbwi inafika mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, matenga yanashushwa, yeye yupo na rula yake. Kumlaza samaki na kumpima si kazi. Kazi ni doria ya usiku, inayotaka boti na petroli. Ofisi ikiwa haina, atapanda boti ya nani? Ya tajiri mwenye mitumbwi ileile anayotakiwa kuikagua. Mafuta kajaziwa, chai kanunuliwa, mtoto alipougua kakopeshwa hela ya dawa. Bahasha hajapokea hata moja. Siku akikuta kokoro, wavu uliopigwa marufuku, kwenye mtumbwi wa tajiri huyo, mnataka afanyeje?

Mgongano wa maslahi wa namna hiyo umepangwa ofisini, na aliyekata fungu la mafuta ya doria ahojiwe kabla ya aliyeomba lifti. Kanuni za maadili ya utumishi wa umma za 2005 zinadai kazi ifanyike kwa uadilifu na bila upendeleo; zinamhusu bosi mwenye kalamu ya bajeti sawasawa na aliyeko mwaloni.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Tangu hapo ninamfikiria mtumishi wa ngazi ya chini anayesimama kwenye geti la kivuko chochote siku ya gulio, watu wanasukumana, na simu ya mkubwa inaita kwamba wapo wake wawili watatu wapitishwe. Mtu huyo anahitaji amri ya maandishi kwamba idadi ikitimia chombo hakiondoki, na bosi wa kupokea simu ile kwa niaba yake. Kiapo cha uadilifu alichosaini siku ya kuajiriwa hakitamsaidia pale.

Tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa tangu 2015. Ila mtumishi akimwona mwenzake kasema ukweli, kisha kapata uhamisho wa ghafla, yeye atanyamaza, na semina kumi hazitamfungua mdomo.

Kwa hiyo madiwani wetu, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, bajeti ikiletwa mezani ulizeni mawili: doria inatumia boti ya nani, na waliohamishwa mwaka huu walihamishwa kwa sababu gani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.