Zahanati na chuo viko mkononi mwa gavana mmoja

Fika kwenye kituo cha afya cha mtaani hapa Kisumu saa mbili asubuhi uone nesi mmoja anavyofanya kazi ya watu wanne. Anapima uzito wa mtoto, anaandika kwenye rejista, anainuka kutafuta faili isiyoonekana, anarudi kumfunga mama mzee mkanda wa presha, halafu anaitwa chumba cha sindano. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya bima ya zamani ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kuna pia kazi ya kumthibitisha mgonjwa kwenye mfumo, na mtandao ukigoma foleni yote inasimama. Sisi tulio kwenye foleni tunamlaumu yeye. Mimi naona tunamwonea. Anayekosekana ni msaidizi wake, na msaidizi huyo tunaweza kumfunza hapa hapa nyumbani, kwa cheti cha mwaka mmoja, katika vyuo ambavyo tayari tunavyo.

Nchini Marekani kazi hii ina njia yake inayoeleweka. Vyuo vya jamii, ambavyo ni vyuo vya umma vilivyo karibu na wananchi na vyenye karo nafuu kuliko vyuo vikuu, hufunza wasaidizi wa kliniki kwa muda wa miezi tisa hivi hadi mwaka mmoja. Mwanafunzi hujifunza kupima presha, joto na mapigo ya moyo, kutoa damu, kutunza rekodi na kushughulikia makaratasi ya bima. Kozi zilizoidhinishwa humtaka pia afanye angalau saa 160 za mazoezi katika kliniki yenye wagonjwa, ndipo ahitimu. Si kila kitu cha huko kinatufaa, maana mfumo wao wa bima ni wao. Ninachokipenda ni hizo saa 160. Hakuna anayepewa cheti kwa kukaa darasani tu.

Na sababu ni hii. Wengi hudhani kupima presha ni kubonyeza kitufe na kusoma namba. Mama ameshuka kwenye bodaboda, ametembea juani, ameketi kwenye benchi lisilo na mahali pa kuegemea, na papo hapo anafungwa mkanda juu ya mkono wa sweta huku akiulizwa jina na namba ya simu. Namba itakayotoka hapo si ya kuaminika. Anatakiwa apumzike kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga chini bila kupishana, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, na asizungumze. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono wake, presha itaonekana iko juu kuliko ilivyo. Hata kubanwa na mkojo kunaipandisha. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa za maisha kwa sababu ya benchi na mkanda mdogo! Nesi anayajua yote haya, lakini akiwa na watu hamsini mbele yake, hizo dakika tano atazitoa wapi? Msaidizi aliyefunzwa vizuri anazo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Tena akiwa mtoto wa hapa, atamsikiliza nyanya kwa Kijaluo, au kwa Kiluhya akiwa upande wa Kakamega, na ataandika alichosema nyanya, si alichokisia yeye.

Kinachonipa matumaini ni kwamba jambo hili halihitaji tungoje Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti huduma za afya za ngazi yake, na jedwali hilo hilo limeipa vyuo vya kiufundi vya vijijini. Gavana anayeajiri nesi wa zahanati ndiye mwenye chuo cha ushonaji na useremala kilicho ng'ambo ya barabara. Vijana waliopata D kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wamejaa vijijini, na mlango wa kozi nyingi za KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, umewafungia kwa sababu ya gredi. Wengi wao wana mikono mizuri na subira ya kukaa na mgonjwa. Sehemu moja ya wiki wawe darasani, sehemu nyingine wawe zahanatini chini ya macho ya nesi. KMTC, ambayo imekuwa ikifunza wahudumu wetu tangu 1927, iendelee na wauguzi na maafisa wa kliniki. Hakuna anayenyang'anywa chake.

Najua wauguzi watanijibu kwamba wenzao wana diploma na leseni na bado wako nyumbani bila kazi. Wana haki kamili ya kuuliza, na sitaki hoja yangu itumiwe dhidi yao. Kaunti itakayoajiri wasaidizi ili kukwepa mishahara ya wauguzi itakuwa imewahujumu wagonjwa. Kwa hiyo mipaka iwekwe wazi tangu mwanzo: msaidizi hachomi sindano ya dawa, haandiki dawa, haamui ugonjwa. Anapima, anarekodi, anaandaa chumba, anaelekeza mgonjwa, na anamwita nesi mara tu namba zinapomtia wasiwasi.

Mipaka hiyo haitoshi kubaki kwenye kijitabu cha chuo. Maafisa wa kliniki wetu walitokana na wasaidizi wa tiba wa zamani, na mwaka 1988 walipata sheria yao ya mafunzo, usajili na leseni. Sheria ndiyo iliyowapa msingi wa kusimama. Msaidizi wa leo asiposajiliwa popote, anabaki mawindo ya vile vyuo vya ghorofani juu ya maduka vinavyouza cheti cha uuguzi msaidizi kwa miezi mitatu na ahadi ya kazi ng'ambo. Nawajua wazazi waliouza ng'ombe kulipa karo ya aina hiyo. Binti akapeleka cheti hospitalini, akaambiwa hakitambuliki. Mzazi, kabla hujalipa hata shilingi, uliza kama chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya kiufundi, na uonyeshwe barua ya hospitali itakayompokea mwanao kwa mazoezi. Wakianza kuzungushazungusha maneno, ondoka na pesa zako.

La mwisho ni mshahara, na hapa sina upole. Wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa Septemba 2023 wakiwa na mikoba ya vifaa, na wanazunguka nyumba kwa nyumba kwa marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti. Tusimwite kijana amalize mwaka mzima chuoni kisha tumlipe hivyo. Awe mwajiriwa wa kaunti mwenye daraja lake la kazi, au kozi isianzishwe kabisa. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Tuulize kwenye vikao hivyo, Kisumu, Kakamega na Nakuru: katika fungu la afya, mishahara ya wasaidizi iko wapi, na katika fungu la vyuo, nani ametengewa pesa za kuwafunza?