Vitunguu majani havitaki mbolea ya tumbaku

Tabora hakukosekani kiroba cha mbolea kilichobaki baada ya msimu wa tumbaku, na wengi hukimalizia kwenye bustani ya nyuma ya nyumba. Kwa vitunguu majani naona ni upotevu. Ile ni NPK 10:18:24 (asilimia za naitrojeni, fosfeti na potashi), yaani naitrojeni kidogo, potashi nyingi, maana tumbaku ikizidishiwa naitrojeni huchelewa kuiva. Kitunguu majani kinavunwa jani, tena mara kwa mara, hivyo naitrojeni ndiyo kinayoidai kwanza.

Udongo wetu wa kichanga nao haushiki maji wala mbolea. Changanya ndoo ya lita 20 ya samadi iliyooza vizuri kwenye tuta la mita moja kwa mbili. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta magugu. Kila baada ya kuvuna mara mbili, weka CAN, mbolea ya naitrojeni ya kukuzia, vijiko viwili vya chai kwa mita moja ya mraba, katikati ya mistari, kisha mwagilia papo hapo.

Mbegu si lazima, na za jamii ya vitunguu hufa haraka zikikaa dukani. Nunua sokoni fungu lenye mizizi. Kata majani ubakize sentimita 5, panda miche mitatu kila shimo, umbali wa sentimita 15, ukifukia sehemu nyeupe tu.

Makosa makubwa yako kwenye kuvuna. Watu hung'oa shina zima, halafu wanalalamika kwamba tuta limeisha! Subiri majani yafike sentimita 20, kata kwa kisu kikali ukiacha sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo. Vuna nusu ya tuta, nusu nyingine iache. Wiki tatu au nne ulipokata patakuwa pamejaa tena.

Kuanzia Mei hadi Oktoba mwagilia kila asubuhi, na joto la Septemba likianza weka kivuli cha mchana. Mvua zikija, tatizo linageuka: maji yakituama shina huoza, kwa hiyo inua tuta sentimita 20.

Michirizi myeupe kwenye majani wengi hudhani ni jua. Chunguza panapoachana majani, utakuta thripsi, vidudu vyembamba vya manjano. Kata shina hilo chini kabisa, choma majani, mengine yapige maji kwa nguvu. Dawa ya wadudu iliyonunuliwa kwa ajili ya tumbaku usiiguse. Jani hili huliwa bichi kwenye kachumbari.

Shina likisongamana majani hubaki membamba. Ling'oe mvua zinapoanza, ligawe, panda upya tuta jingine.