Minara ya redio ilizimwa mapema mno

Kila mifumo ya setilaiti ya kuonyesha mahali inapoboreshwa, tunachotangaziwa ni mita. Mei 2000 Marekani iliacha kuharibu kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, na kosa la kama mita 100 likashuka hadi chini ya 20. Januari 2023 Umoja wa Ulaya ukafungua huduma ya Galileo, mfumo wake wa setilaiti, inayolenga sentimita 20. Kazi nzuri, hakuna ubishi. Ila kujua mahali kwa usahihi ni jambo moja, na kuyapata mawimbi saa unapoyahitaji ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo lililowekwa kiporo.

Waliotaka minara ya redio ya ardhini izimwe hawakuwa wajinga. Loran-C, mfumo wa redio wa kilohezi 100 uliowaongoza mabaharia kwa miongo, ulikosea kwa mamia ya mita, haukuenea dunia nzima, na ulihitaji ardhi, umeme na watu wa kuutunza. Marekani ilipoufunga mwaka 2010 ilipiga hesabu ya kuokoa dola milioni 190 katika miaka 5. Tena leo simu ya kawaida husoma GPS, Galileo, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China kwa pamoja. Mmoja ukilegea, mingine ipo.

Hoja hiyo ina uzito, mpaka uangalie mawimbi yenyewe. Setilaiti ya GPS iko kilomita 20,200 juu, na nguvu yake ya kurusha haiizidi sana ile ya balbu ya sebuleni. Yakifika chini, mawimbi yamefifia kiasi cha kuzama ndani ya kelele za kawaida za redio, na kipokezi huyaibua kwa sababu tu kinaujua mpangilio wake. Mifumo yote minne hutumia masafa yanayokaribiana, kwa hiyo kifaa kidogo cha kuvuruga kinaweza kuinyamazisha yote kwa mpigo mmoja. Mnara wa Loran hurusha kwa mamia ya kilowati. Anayetaka kuuvuruga atahitaji mtambo mkubwa na mlingoti mrefu, vitu ambavyo havifichiki kwenye buti la gari.

Mwaka 2008 mamlaka za minara ya taa za Uingereza zilijaribu jambo hili baharini, karibu na Flamborough Head. Meli yao, Pole Star, ilipoingia eneo lililovurugwa, ving'ora vya chumba cha usukani vililia kwa pamoja. Haikuwa ramani peke yake. Mfumo wa kujitambulisha kwa meli nyingine nao uliyumba, na vifaa kadhaa ambavyo vilikuwa vikichota mahali au muda kutoka GPS. Kipokezi cha eLoran, Loran iliyoboreshwa yenye kosa la mita 10 hadi 20, kiliendelea kama kawaida.

Na bado eLoran ikazimwa. Ufaransa na Norway zilifunga minara yao mwisho wa 2015, na mnara wa Anthorn wa Uingereza ukibaki peke yake hauwezi kukuonyesha mahali, unakupa saa tu. Siku 26 baadaye, tarehe 26 Januari 2016, GPS ikateleza. Hakukuwa na adui wala dhoruba ya jua. Setilaiti moja kongwe ilikuwa inastaafishwa, programu ya ardhini ikapakia data mbovu, na setilaiti 15 zikaanza kutangaza saa iliyopotoka kwa mikrosekunde 13.7.

Namba hiyo hainitoki kichwani. Hakuna binadamu anayeweza kuhisi muda mfupi hivyo, lakini kwa mwendo wa mwanga ni kilomita 4. Bahati nzuri, kosa lilikuwa kwenye tarakimu za kulinganisha saa ya GPS na saa ya kimataifa, si kwenye hesabu ya mahali, kwa hiyo meli hazikupotea. Mitambo ya mawasiliano katika nchi mbalimbali ndiyo iliyohangaika kwa saa 12 na zaidi, na redio ya kidijitali ya BBC ikapata hitilafu. Setilaiti zenyewe zilikuwa nzima na mawimbi yalifika vizuri. Vipokezi vililipokea kosa kwa usahihi mkubwa kabisa!

Galileo sasa inathibitisha kwamba ujumbe wake ni halali, jambo linalosaidia kugundua mawimbi bandia. Mawimbi yaliyozimwa hayasaidiwi na uthibitisho wowote. Aprili 2024 ndege mbili za Finnair zilishindwa kutua Tartu, Estonia, zikageuza kurudi Helsinki, kwa kuwa kutua huko kulitegemea GPS na mawimbi yake yalikuwa yanavurugwa. Safari zikasitishwa kwa mwezi mzima. Ziliporejea Juni, kilichokuwa kimeongezwa Tartu ni utaratibu wa kutua kwa DME, mtambo wa redio wa ardhini unaompa rubani umbali wake, teknolojia ambayo marubani waliizoea kabla setilaiti ya kwanza ya GPS haijarushwa.