Kikao cha ukoo na mtoto asiyeitwa

Kikao hufanyika usiku, watoto wakishalala. Baba mdogo, au mjomba, au jirani anayeheshimika amembaka mtoto wa darasa la tatu, na wakubwa wameketi kutafuta namna ya kulimaliza kifamilia. Litajadiliwa jina la ukoo. Atahurumiwa mke wa mkosaji na wanawe. Itatajwa fidia, pengine ng'ombe, pengine laki kadhaa. Kisha mzee mmoja atasema funika kombe mwanaharamu apite, na watu watatawanyika.

Wanaoitetea njia hii si watu wabaya wote. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji, na maisha ikiwa mtoto ana chini ya miaka 10. Mama anayelishwa na mwanamume huyo huyo anajua kwamba siku atakapokamatwa, kodi ya nyumba na unga vimekwenda naye. Mawifi watamwambia amebomoa nyumba ya kaka yao. Kesi itaahirishwa na kuahirishwa, nauli juu yake. Adhabu iliyowekwa kumlinda mtoto ndiyo inayowafunga watu midomo pale mkosaji anapokuwa ndugu, na hilo wapiga kampeni wa adhabu kali hawapendi kulisikia.

Lakini tazama asubuhi yake. Mtoto anaamka na kumwamkia mtu yule yule shikamoo. Anatumwa ampelekee maji ya kuoga. Aliyekuwa ameshaacha kukojoa kitandani anaanza upya, anasinzia darasani, anashtuka akiguswa bega, na mwalimu asiyejua kitu anamchapa kwa uzembe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72. Ukoo ukisubiri shangazi afike kutoka mkoani, muda huo umeshapita. Zaidi ya yote, mtoto amejua kwamba alisema na hakuna kilichobadilika. Hatasema tena. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, karibu wasichana 3 kati ya 10 wa umri wa miaka 13 hadi 24 walieleza kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana takriban 1 kati ya 7.

Wavulana hao hatuna hata lugha ya kuwasemea. Tunasema mtoto "ameharibiwa", na neno hilo linamwangukia yeye badala ya aliyemtendea. Mvulana aliyelawitiwa anasikia jinsi watu wanavyocheka kijiweni, na anaamua kukaa na lake.

Wala si koo peke yake zinazomsahau mtoto. Mwaka 2004 mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwabaka na kuwalawiti watoto wa shule ya msingi Dar es Salaam. Walikana. Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili mwaka 2010. Nguza na mwanawe Papii Kocha walitoka kwa msamaha wa Rais Magufuli tarehe 9 Desemba 2017, na mwaka uliofuata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema haki yao ya kusikilizwa ilikiukwa katika baadhi ya mambo. Waliodai kesi ile iendeshwe kwa haki walikuwa na hoja nzito, kwani hukumu yenye kasoro haimlindi mtoto yeyote. Ila katika miaka yote ile ya ubishi, na katika shangwe za siku ile, ni mara chache mno niliposikia mtu akiuliza wale watoto walikuaje.

Kati ya kikao na mahakama, mimi nachagua mahakama, pamoja na mapungufu yake. Sheria sasa inamruhusu mtoto kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kinachokosekana ni wa kumshika mkono yule mama mwezi wa kwanza: unga, kodi, nauli, na mtu wa kuongea na mwanawe wiki baada ya wiki. Bila hivyo ataondoka dawatini na kurudi kikaoni, na wakubwa wataamua kama kawaida kwamba anayehama ni mtoto. Atapelekwa kwa bibi kijijini katikati ya muhula, aache shule na marafiki zake, na baba mdogo abaki sebuleni.