Nani Alichimba Handaki? Maboma ya Wakelti na Swali la Utawala

Mwanaakiolojia Barry Cunliffe alichimba Danebury, boma la kale la kilimani katika jimbo la Hampshire kusini mwa Uingereza, kuanzia 1969 hadi 1988. Alikuta matuta na mahandaki yaliyozunguka kilele, nyumba za msonge zilizojipanga kandokando ya tuta, safu za vihenge juu ya nguzo, na mashimo ya kuhifadhia nafaka kwa maelfu. Nafaka zote hizo zililishwa nani? Jibu lake lilikuwa kwamba palikuwa na mtemi. Wakulima wa vijiji vya jirani walipeleka mavuno bomani, mtemi akayalinda, kisha akayagawa upya kwa namna iliyomwongezea nguvu.

Maelezo hayo yana mvuto kwa sababu yanaungwa mkono na Julius Caesar mwenyewe. Akiandika juu ya Galia, yaani Ufaransa ya leo na maeneo ya jirani, katika miaka ya 50 KK, alisema huko watu wenye hadhi ni wa namna mbili tu, makuhani na wapanda farasi, na kwamba watu wa kawaida huhesabiwa karibu sawa na watumwa. Ukiwa na maandishi kama hayo mkononi, kila tuta la udongo linaonekana limejengwa kwa amri.

Kisha miaka ya 1990 akaja mwanaakiolojia mwingine, J. D. Hill, na kuuliza jambo ambalo lingepaswa kuulizwa mapema: huyo mtemi alilala wapi? Ndani ya Danebury hakuna nyumba inayozidi nyingine kiasi cha kuitwa ikulu. Vyungu, vifaa vya kusokotea, mifupa ya mifugo, vyote vinafanana na vile vya mashamba ya kawaida yaliyolizunguka boma. Kwa Hill, sehemu kubwa ya kusini mwa Uingereza ilikuwa nchi ya kaya zilizojitegemea, na boma lilikuwa mahali pa wote, pa kukutania na pa ibada, wala si makao ya bwana. Niall Sharples, aliyechimba Maiden Castle huko Dorset, amekwenda mbali zaidi: kazi ya kujenga tuta ndiyo iliyowafanya watu wawe jamii moja. Sisi tunaojua msaragambo hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Watu wanaweza kuhamisha mlima wa udongo bila mtu wa kuwasimamia kwa kiboko, mradi kila kaya ijue kwamba kukosekana kwake kutaonekana.

Naona hoja ya Hill ina nguvu kwa Danebury. Pia inatukumbusha kwamba Caesar alikuwa jenerali aliyehitaji kuueleza ushindi wake kwa Warumi, na kwamba aliandika juu ya Galia ya wakati wake, si juu ya Hampshire ya karne nne nyuma. Hata jina Wakelti, tunalowaita watu hawa wa kale, kwake lilihusu sehemu moja tu kati ya tatu za Galia. Kulitandaza kuanzia Ireland hadi mto Danube, kama tunavyofanya leo, ni mazoea ya baadaye sana.

Tatizo huanza pale watu wanapoichukua hoja hiyo na kuieneza kote. Nenda Heuneburg, juu ya mto Danube kusini mwa Ujerumani. Takriban mwaka 600 KK ukuta wa zamani wa magogo na udongo uliondolewa, pakajengwa ukuta wa matofali mabichi juu ya msingi wa mawe ya chokaa. Huo ni ufundi wa Bahari ya Kati, ambao hauna mfano wa wakati ule kaskazini mwa Alpi. Katika nchi ya mvua na theluji, ukuta wa matofali mabichi unadai kusiribwa upya mara kwa mara. Ndani yake nyumba zilipangwa kwa safu zilizonyooka, jambo ambalo halitokei kwa bahati. Mtu, au ukoo, aliona jambo hilo kusini au alimleta fundi aliyelijua, kisha akaweza kuwafanya wengine walitekeleze na kulitunza kwa zaidi ya nusu karne. Moto mkubwa ulipoteketeza mji huo katika miaka ya 530 KK hivi, ukuta uliofuata ulirudi kwenye magogo na udongo. Ninachokisoma humo ni kwamba matofali hayakuwa chaguo la wakazi wote. Yalikuwa ya mtu fulani, na mtu huyo alipoondoka, yaliondoka naye.

Kuhusu milango ya nyumba za msonge za Uingereza, ambayo mingi inaelekea mashariki au kusini-mashariki, sitakaa sana. Kuna walioona humo ramani nzima ya imani, jua likichomoza mlangoni na nyumba ikigawanyika upande wa uhai na upande wa mauti. Mwanaakiolojia Rachel Pope aliwajibu mwaka 2007 kwamba upepo mkali hutoka magharibi na mwanga wa asubuhi unahitajika. Nadhani mwenye nyumba angecheka kusikia kwamba inambidi achague kati ya imani yake na upepo.

Ushahidi unaonisumbua zaidi unatoka Ireland, ingawa ni wa baadaye. Karibu mwaka 700 BK, wanasheria wa huko waliandika Críth Gablach, sheria inayopanga watu kwa madaraja na kumpa kila daraja kipimo cha nyumba. Mkulima mdogo ana nyumba ya futi 19 na kijumba cha nyuma cha futi 13. Mwenye ng'ombe wa kutosha ana futi 27 na 15. Mfalme, 37. Kwa upande wa wanaosema jengo ni kioo cha cheo, hapa wameshinda bila jasho, maana jamii yenyewe imeandika. Tena si ndoto tupu ya wanasheria: huko Deer Park Farms, kaunti ya Antrim, zilichimbuliwa nyumba za fito zenye kuta mbili na kijumba kilichoungana nyuma, na miimo ya mlango wa mojawapo ni ya mwaloni uliokatwa mwaka 648.

Lakini soma zaidi. Sheria hiyo inasema mfalme huwa mfalme pale anapozungukwa na matuta ya utii, yaani yale yaliyochimbwa na watu waliofungamana naye kwa wajibu. Maana yake, heshima ya tuta haikuwa katika urefu wake. Ilikuwa katika swali la nani aliyelichimba. Na hilo ndilo jambo ambalo udongo haulisemi. Handaki la msaragambo na handaki la utii, ukiyakata yote mawili leo, ni tabaka zilezile za mchanga na kokoto.

Kwa hiyo kambi zote mbili zinatafuta jibu mahali pasipo na jibu zinapobishana juu ya ukubwa wa kuta. Itabidi tuangalie vitu vinavyotenganisha watu: chakula, mapambo, na namna wafu walivyolazwa. Karibu na Heuneburg kuna kaburi la Bettelbühl, chumba cha magogo yaliyokatwa mwaka 583 KK, alimolazwa mwanamke mwenye dhahabu na kaharabu nyingi. Kaburi hilo na ukuta wa matofali ni vya kizazi kimoja au viwili, na vinasema jambo lilelile. Danebury wafu wengi hatuwaoni kabisa, na waliopatikana, wengine mifupa michache tu, walikuwa ndani ya mashimo ya nafaka yaliyokwisha kutumika, mara nyingine pamoja na mifupa ya wanyama. Hakuna hata mmoja aliyezikwa kama mtawala. Kwa boma hilo, basi, kazi ya kuthibitisha inabaki kwa wanaomtaka mtemi, na hadi sasa wanachoweza kutuonyesha ni tuta.