Mashine Ipo, Kivuli Hakipo

Watu wa Dodoma wananiuliza maswali ya gari langu la umeme mpaka nimefikiria kuyachapa niyabandike kwenye kioo cha nyuma, na majibu chini yake. "Eti likinyeshewa hupigwi shoti?" Sipigwi. "Ukiishiwa token linazimika katikati ya barabara?" Halina LUKU, mzee wangu, lina bateri. Mama mmoja pale Majengo aliinama kabisa akasikiliza boneti, akasema gari lisilo na mlio lina mambo yake, akapanda bajaji. Haya yote nayameza. Ila kuna swali moja hakuna anayeniuliza, nami ndilo ninalolisubiri kwa hamu: dereva, unachajia wapi?

Niulizeni, jamani. Nina majibu ya wiki nzima.

Mimi ni dereva taksi. Zamani nilikuwa na IST, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei kikomo za mafuta, nyumbani kwangu hakuna mtu kuongea mpaka niione ya Dodoma. Mwaka 2022 petroli ikavuka 3,000 kwa lita na haikuonyesha dalili ya kuchoka. Nikaiuza IST, nikaagiza Nissan Leaf ya mkononi kutoka Japani, bateri ya kilowati-saa 40. Kwenye hesabu sina ugomvi nalo. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ya LUKU, na ya kawaida inakwenda kama shilingi 356, kwa hiyo uniti 40 hazifiki 15,000. Halina oili ya injini, halina ekzosi, halina mkanda wa taimingi. Fundi wangu wa Makole tukikutana njiani ananitazama kama mtu aliyeachwa bila kuambiwa kosa.

Ugomvi wangu ni kuchaji. Na nianzie nyumbani, maana wanaosifia magari haya wanadhani kila mtu ana geti lake na ukuta wake.

Sisi tumepanga Nkuhungu, wapangaji wanne, LUKU moja. Utaratibu nilioukuta ulikuwa wa amani: kila chumba kinatoa sawa, mwenye friji anaongeza kidogo. Mimi nikaleta gari. Usiku wa kwanza nikapitisha ekstensheni dirishani, nikachomeka, nikalala usingizi mzito wa mtu aliyeagana na sheli. Alfajiri nasikia mlango unagongwa. Mama Jeni wa chumba cha pili, kanga kiunoni, tochi ya simu mkononi.

"Baba Eva, gari lako limemaliza token za nyumba nzima. Na kwenye kioo linasema bado."

Ni kweli, lilikuwa bado. Soketi ya ukutani kwa waya niliokuja nao inatoa kilowati mbili na kidogo, na bateri ya 40 ikiwa tupu inataka usiku kucha na sehemu kubwa ya mchana. Mwenye nyumba akaitisha kikao, ajenda moja. Fundi cherehani wa chumba cha mwisho akapendekeza nihesabiwe kama mashine ya kusaga. Walioafiki wakanyoosha mikono. Mke wangu alinyoosha.

Ndiyo maana watu kama mimi tunahitaji chaja za nje, za kila mtu. Mwenye geti lake na mita yake huko Area D anaamka asubuhi gari limejaa, hiyo chaja ya mjini anaisikia tu. Mpangaji na dereva taksi ndio wateja wake hasa, na ndio aliyeiweka hakuwafikiria hata dakika moja.

Ninayoitegemea iko nyuma ya hoteli moja mjini. Siitaji, maana kesho nitarudi tena kwao. Iko uani, katikati ya jenereta na mapipa ya taka. Barabarani hakuna kibao chochote, unafika kwa kuelekezwa. Getini kuna mlinzi, babu wa Kigogo, mtu mstaarabu sana.

"Mbukwa, babu."

"Mbukwa, mjukuu wangu."

"Ile mashine leo inafanya kazi?"

"Ipo."

Tangu tufahamiane babu hajawahi kuniambia inafanya kazi. Ipo. Na kwenye ramani ya simu nayo ipo, ina alama ya kijani, maana yake njoo tu uchaji. Nikifika uani nakuta swichi imeshushwa, kisanduku kimepigwa kufuli, kwa sababu jikoni walilalamika inawalemea umeme. Ufunguo anao meneja. Meneja yuko msibani Kondoa.

Siku ambayo swichi imepanda, kwenye maegesho ya kuchajia kuna V8. Dodoma hii V8 linaegesha linapotaka, mistari ya chini tumechorewa sisi wengine. Na puani mwa Leaf ndiko kwenye tundu la kuchajia, sharti niingie kichwa mbele mpaka karibu na nguzo, waya wenyewe mfupi. Nikamgongea dereva wa V8 kioo, kwa heshima zote. Alikuwa amelaza kiti, kiyoyozi kinavuma.

"Kaka samahani, hapa ni pa kuchajia."

Akateremsha kioo vidole viwili. Ubaridi ukanipiga usoni. "Kuchaji nini?"

"Gari."

Akaitazama Leaf, akanitazama mimi. "Nenda mapokezi, wana soketi, watakuchajia simu yako." Kioo kikapanda.

Haya, tuseme V8 limeondoka. Sasa mikono ya plagi. Mliokuwa na simu miaka ile mnakumbuka pini nene, pini ndogo, na ile chaja ya kobe iliyokuwa inabana bateri yoyote. Kwenye magari ya umeme tumerudi kwenye pini, na kobe hajazaliwa. Leaf ya Japani kwenye chaja ya kasi inataka plagi ya CHAdeMO. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yanataka GB/T. Ya Ulaya yanataka CCS2. Nguzo yetu ina mikono miwili tu, CHAdeMO na CCS2, basi jamaa mwenye gari lake jipya la Kichina anafika, anaizunguka nguzo, anaipiga picha, anaondoka. Adapta zipo, ila bei ukitajiwa unatafuta kwanza pa kukaa. Kuandika tu kwenye ramani kwamba hapa kuna mkono huu na huu, ni gharama gani?

Malipo ndiyo yanaweza kukutoa machozi. Sheli unatoa noti au unalipa kwa simu, unaondoka. Hapa unapakua programu. Programu inataka bando. Ukimaliza inataka barua pepe. Ukiiweka inakutumia namba ya siri inayodumu dakika mbili, na uani pale mtandao unaingia ukisimama karibu na mapipa. Namba inafika imeshakufa. Ukifanikiwa, huwezi kulipa uniti unazotaka, lazima uweke kwanza kiasi fulani kwenye pochi yao, nayo chenji inabaki humohumo. Nina hela zangu zimelala kwenye pochi hizo, kidogo huku, kidogo kule, haziwezi kununua hata nyanya. Bei kwa uniti hujaiona bado, utaiona ukishamaliza. Sheli gani duniani ungeijaza gari bila kuona bei ubaoni?

Kioo cha mashine nacho kimeelekezwa magharibi. Saa tisa alasiri jua la Dodoma linakipiga usawa wa macho, huoni herufi hata moja. Navua shati, najifunika mimi na kioo pamoja, nabonyeza kwa kubahatisha. Siku moja nikiwa humo ndani ya shati nikasikia watoto wanapita nje ya ukuta wakiambizana kwamba yule baba anaswali. Nilikuwa naswali kweli. Upepo nao hautaki mtu apumzike. Vumbi linaingia kwenye kichwa cha plagi kwa sababu pa kukining'iniza pamevunjika, kinalala chini. Kabla ya kuchomeka lazima nikipulize, nikikung'ute, nikiombe radhi.

Ikishakubali ndipo unaanza kungoja, na hapa ndipo nasema tumekosea tangu mwanzo. Sheli mtu anakaa dakika tano, hahitaji chochote, na bado wamemwekea paa, taa, upepo wa matairi, mhudumu wa kumwambia shikamoo na duka la soda. Mimi nakaa karibu saa nzima, nimewekewa nguzo na jua. Kivuli kilichopo ni cha nguzo yenyewe, upana wa kiganja. Nimekuwa nikizunguka nacho jinsi jua linavyozunguka.

Na msidhani kivuli nakidai kwa ajili ya ngozi yangu tu. Bateri ya Leaf haipozwi kwa maji kama ya magari mengine ya umeme, inategemea hewa inayopita. Ikichajiwa kwa kasi juani Oktoba, gari lenyewe linaona joto, linapunguza kasi ya kupokea, na mimi nazidi kukaa. Mabati manne na nguzo za mbao yangenipunguzia kusubiri. Mwenye hoteli kashindwa mabati, ila kashindilia bango kubwa getini lenye jani la kijani na maneno "Tunajali Mazingira". Bango lina kivuli kizuri kweli, lakini kinaangukia nje ya ukuta.

Choo? Nilikwenda mapokezi. Dada akaniambia kwa upole, "Choo ni cha wateja, kaka."

"Dada, mimi nimechomeka gari uani kwenu, nalipia kila uniti."

"Ungekuwa umeagiza kitu."

"Nimeagiza umeme."

Akamwita mwenzake wakashauriana kama umeme ni kinywaji. Nikaagiza maji ya kunywa kwa bei ya hoteli ili nipate haki ya kuyatoa.

Kisha kuna wenzangu wenye magari haya, nao siwaachi. Wakati wa Bunge mji unajaa, na uani tunaweza kufika watatu kwa mashine moja. Bateri ikifika kama asilimia 80 gari linapunguza umeme lenyewe lisijiumize, na ile 20 iliyobaki inakokota muda hata ukataka kulia. Mwenye akili anachomoa 80 anawapisha wenzake. Nilimkuta mmoja yuko 97. Mwenyewe hayupo, namba ya simu kwenye kioo hakuacha, gari limefungwa na waya haung'oki. Babu mlinzi akasema amekwenda nyama choma, akanionyesha kwa mkono upande wote wa mashariki wa Dodoma.

Kijana wangu anasoma UDOM, ndiye ananisomea habari za huko mbele. Anasema Uingereza walitunga kanuni mwaka 2023: mitandao ya chaja za kasi ifanye kazi asilimia 99 ya muda, kuwe na simu ya msaada ya bure saa 24, na bei ionyeshwe waziwazi. Umoja wa Ulaya nao unataka chaja za magari zipatikane kila kilomita 60 kwenye barabara zake kuu, na chaja mpya za kasi zipokee kadi ya benki ya kawaida bila kujiandikisha popote. Nikamuuliza, vipi kuhusu choo? Akatafuta, akatafuta, hakuona. Kumbe hata Wazungu wanajibana.

Wala sitaki nijibiwe kwamba umeme hautoshi. Bwawa la Nyerere peke yake ni megawati 2,115. Mimi naomba kilowati 50 na benchi. Naomba mtu mmoja anayelipwa kukaa pale, mwenye ufunguo, asiyefiwa hovyo, anayeweza kuondoa V8, kupokea malipo kwa simu ya kitochi na kuning'iniza plagi. Vijana wangapi wa mji huu wangeifanya kazi hiyo kesho asubuhi? Naomba ubao wa bei, taa, na kibao barabarani. Mashine ya pili ikikosekana, basi hiyo moja waigeuze kioo chake kusini.

Na naomba Gairo. Leaf ya 40 ikiwa mpya Wamarekani waliipima kilomita 243 kwa chaji moja. Yangu si mpya, na Morogoro ni kama 260. Gairo ni karibu nusu ya njia. Wangeweka mashine pale, au Kibaigwa pale sokoni kwenye mahindi ambako malori yanalala, ningekuwa naingia Morogoro nakula hela za safari ndefu. Sasa hivi namaliza maisha yangu kati ya Kisasa na Mtumba.

Juzi kaingia mteja, suti, begi dogo. "Dereva, nipeleke Morogoro, mambo ya hela tutaelewana." Moyo ukaruka, halafu nikatazama asilimia kwenye dashibodi, moyo ukakaa chini.

"Bosi, nakupeleka stesheni ya SGR. Ukipanda mchongoko utafika kabla yangu."

"Ile si treni ya umeme?"

"Ndiyo, bosi."

"Na hili si gari la umeme?"

"Ndiyo, bosi."

Kimya. Naona kwenye kioo anapiga hesabu.

"Sasa yenyewe inachajia wapi njiani?"

Nikamweleza kwamba treni ina nyaya juu, njia nzima, Dar mpaka hapa, haisimami kuchaji wala haiulizwi barua pepe. Akatingisha kichwa, akasema basi nami ningetafuta waya mrefu. Nikamtoza elfu nane, elfu moja ikiwa ya huo ushauri.