Zimebaki Tatu

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, lakini mmoja ulinibakia mimi, na nimeuvaa tumboni. Nilikuwa na kilo 118. Miezi kumi na sita bila soda, bila chipsi mayai za usiku, kazini nakwenda kwa miguu, mzani ukasoma 77. Kilo 41 zikahama, ila mfuko wao hazikuubeba. Nikisimama, ngozi ya tumbo inaning'inia juu ya mkanda kama rambo iliyotolewa nyanya. Nikikimbia, nayo inakimbia, kwa mwendo wake.

Na usidhani mtaani nilipongezwa. Hapa kwetu Temeke ukinenepa unaambiwa maisha yamekunyookea. Ukipungua unaulizwa kwa sauti ya chini kama umeshakwenda kupima. Nyumba niliyopanga ina vyumba sita na choo kimoja, na wenzangu walishagawanyika: wa upande wa barabarani walisema sukari, wa upande wa uani walisema nimechezewa. Bibi mwenye nyumba hakuwa na upande. Yeye alikuwa ananiletea uji wa ulezi kila jioni, vijiko vinne vya sukari, anasimama mlangoni mpaka niumalize.

"Bibi, ni mazoezi tu haya."

"Sawa baba, ni mazoezi. Kunywa."

Kocha wa jogging yetu ndiye aliyeniambia ukweli. Ngozi iliyovutwa miaka mingi haina tena ule mpira wake, alisema, na hakuna zoezi litakaloirudisha yote; hapo mwenye kazi ni daktari wa kisu. Lakini misuli iliyo chini yake imelala muda mrefu, tuiamshe, tumbo lishikwe kwa ndani na mgongo uache kuuma. Hela ya kisu sikuwa nayo. Nikasema tuamshe.

Akanirekodia sauti ya WhatsApp, dakika kumi na mbili, anahesabu mwenyewe. Zoezi kuu analiita mende wa dawa. Unalala chali, mikono imeelekea darini, magoti umeyakunja hewani, kama yule mende uliyempulizia dawa usiku ukamkuta jikoni asubuhi. Halafu unashusha taratibu mkono wa kulia nyuma ya kichwa huku unanyoosha mguu wa kushoto, visiguse chini, unarudi, unabadilisha. Ukilitazama utasema zoezi la wavivu. Shughuli iko kiunoni: mgongo wa chini ugandamane na mkeka, pasipite hata unyoya, na kila unaponyoosha unatoa pumzi yote kwenye meno, ssssss, kama pancha. Ukifika ya sita tumbo linatetemeka lenyewe. Ya nane unaanza kukumbuka watu unaowadai.

Ilikuwa Jumamosi baada ya magharibi. Joto la Dar unalijua. Fulana nimevua, mlango wazi, pazia tu, simu iko mkekani karibu na sikio. Seti ya tatu. Macho nimefumba, meno nje, natoa pancha, na ule mfuko wangu unamwagikia kulia, unamwagikia kushoto.

Nikasikia bakuli limeanguka.

"Yarabi! Mpangaji wangu anakata roho!"

Kabla uji haujamaliza kusambaa, chumba kilikuwa kimejaa. Kijana wa bodaboda wa chumba cha pili akanikalia miguu. Mtu akaninusisha kiatu, na kwa harufu ile nadhani kilikuwa changu. Nikafungua mdomo niseme "mazoezi", na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mama wa chumba cha mbele alikuwa anasonga ugali na alikuja mbio na mwiko wake. Ukaingia wote, nisije nikang'ata ulimi. Ulikuwa na dona, ya moto. Miezi kumi na sita sijaonja ugali usiku.

Katika purukushani simu ikapigwa teke ikaishia chini ya kitanda. Kocha akaendelea na kazi kutoka huko gizani, sauti nzito, haina haraka:

"Mkono wa kulia… mguu wa kushoto…"

Kimya. Wote wakanitazama mimi, mdomo umejaa mwiko na sauti inatoka. Bibi akajifunga khanga vizuri, akapiga magoti. Majini anayajua tangu usichana wake, majini huulizwa.

"Assalamu alaykum. Wewe nani?"

"Mende wa dawa."

"Umeingilia wapi?"

"Chini ya mgongo. Pasiwe na nafasi."

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Pumzi. Toa pumzi yote."

Mtu akaanza kulia. Wa bodaboda akaiachia miguu yangu polepole, kama mtu anayerudisha kitu alichokiokota.

"Tutakupa ubani," Bibi akasema. "Tutakupa kuku. Mwache."

"Zimebaki tatu."

Mayowe! Tatu nini? Siku? Roho? Niliwaona watu wakihesabu watu wa vyumba vyao. Mama wa ugali alitoka nje, mwiko akanisamehe.

"Mbili," jini akasema.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa chumba cha mwisho, ndio kwanza anarudi zamu, mkoba bado begani. "Nani kaweka huu mwiko? Mtu wa kifafa hawekewi kitu mdomoni, wala hakaliwi! Mnamgeuza ubavu, basi!" Akauchomoa, akanigeuza. Niligeuka mimi kwanza. Tumbo likafuata kwa wakati wake, likajilaza mkekani kando yangu.

"Maz… mazoezi," nikasema, dona inadondoka.

"Moja. Safi sana," chini ya kitanda kukaitikia. "Pumzika, kunywa maji."

Muuguzi akainama, akaivuta simu, akawaonyesha. Wa bodaboda ndiye aliyeanza kucheka, na mpaka leo sijui kama amemaliza.

Bibi hakucheka. Alikuwa anaitazama ile ngozi. Akaishika kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia, kama fundi cherehani anayekagua kitambaa.

"Kumbe tatizo ni hili? Hili si tumbo la mzazi? Nani alikwambia linatibiwa kwa kurusha miguu? Kesho maji ya moto, nakukanda, nakufunga khanga."

"Bibi, mimi sijazaa."

"Zimekutoka kilo ngapi?"

"Arobaini na moja."

Akafikiri kidogo. "Mtoto mmoja kilo tatu. Wewe umezaa kumi na watatu na hujakandwa hata siku moja."

Jumapili hiyo nikakandwa, na maji yake hayakuwa na huruma. Nilipotoka uani kupiga mswaki, nimebanwa na khanga mpaka pumzi inaishia kifuani, nikawakuta watoto wa nyumba wamelala chali kwenye sakafu, sita kwa mstari, mikono na miguu juu. Mkubwa wao ameweka sauti nzito: "Zimebaki tatu!" Nikasogea kumtazama yule mdogo kabisa, wa miaka minne. Mgongo wa chini umegandamana na saruji, hapapiti unyoya.